Ukali wa bosi waweza kukulaza hospitalini

Mwanamke mmoja wa miaka 27 aliletwa kwangu na mama yake Jumamosi asubuhi hapa Sigowet, kaunti ya Kericho. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa matatu kutoka Nairobi. Tumbo lilikuwa likimwaka, usingizi ulikuwa umemhama, na moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi.

Ilikuwa mara ya tatu kumwona katika muda wa miezi mitano. Mara ya kwanza nilimpima malaria na homa ya matumbo, sikuona kitu, nikampa dawa za kupunguza asidi. Mara ya pili nilimpima bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo, sikuwapata, nikampa dawa zile zile kwa muda mrefu zaidi. Kila mara alipata nafuu akiwa kwao. Kila mara maumivu yalimrudia wiki moja baada ya kurejea kazini.

Mama alikuwa na jibu lake. Alisema kuna mtu aliyeuonea kijicho mshahara wa bintiye. "Daktari, huyu mtoto ameangaliwa na jicho baya."

Nilimfunga kipimo cha presha mkononi. Kilisoma 126 kwa 82. Nilipokuwa nikijiandaa kurudia, simu yake ililia mkobani. Alitazama jina kwenye kioo, hakuipokea, akaigeuza kifudifudi juu ya meza yangu. Kipimo cha pili kilisoma 158 kwa 98. Nikamwuliza aliyepiga ni nani.

"Ni msimamizi wangu," alisema. "Anataka kujua kwa nini sikujibu ujumbe alionitumia saa saba usiku."

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Kwa miezi mitano nilikuwa nimemwuliza anakula nini, anakunywa nini, na kama hedhi yake inakuja kwa wakati. Sikuwa nimemwuliza hata siku moja anafanya kazi chini ya nani. Nimebadilisha mambo machache kumhusu ili asitambulike, lakini kosa hilo nimeliacha kama lilivyokuwa, kwa sababu nadhani sisi madaktari wengi tunalifanya.

Kazi iliyoanza vizuri

Msichana huyu alikuwa ameajiriwa na kampuni moja ya kompyuta jijini, inayofanya kazi kwa niaba ya wateja wa ng'ambo. Miaka miwili ya kwanza aliipenda kazi yake. Kiongozi wao aliketi nao chumba kimoja. Mtu akikosea, aliitwa kando na kuelekezwa. Saa nne wote walikunywa chai pamoja, na mfanyakazi aliyefiwa hakuhitaji kuomba ruhusa mara mbili.

Kisha kampuni ikapanuka na meneja mpya akaletwa. Majina ya wafanyakazi yakabandikwa ukutani pamoja na idadi ya kazi ambazo kila mmoja alikamilisha, wa mwisho akiandikwa kwa wino mwekundu. Dakika za kwenda msalani zikaanza kuhesabiwa. Aliyekosea alifokewa mbele ya wenzake. Aliyeuliza swali mkutanini alijikuta wiki iliyofuata amepangiwa zamu za usiku. Chai ya saa nne ikawa ya kunywewa mezani, macho kwenye kompyuta.

"Watu ni wale wale," aliniambia. "Lakini tuliacha kusalimiana. Hujui nani atakupeleka kwa meneja."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalinifaa kuliko vipimo vyote nilivyokuwa nimeandika. Kazi ya kundi lile haikuwa imebadilika sana. Kilichoharibika ni jinsi watu walivyokuwa wakiishi pamoja kazini, na uharibifu huo ulitoka juu kwenda chini.

Mwili hufanya nini

Mtu anapotishwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni mbili katika damu, adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga kwa kasi, presha hupanda, sukari hutolewa ini lilikoihifadhi, na shughuli ya kusaga chakula hupunguzwa. Haya yote yana faida. Ukikutana na chui kwenye njia ya mtoni, mwili wako unakutayarisha kukimbia. Baada ya nusu saa chui ameenda zake, nawe mwili unatulia.

Taabu ni kwamba bosi haendi zake. Yupo Jumatatu, yupo Ijumaa, na siku hizi yupo hata kwenye simu chini ya mto. Mwili unaobaki katika hali ya tahadhari kwa miezi mingi huanza kujiumiza wenyewe. Usingizi hupungua, presha hukataa kushuka, kinga dhidi ya maambukizo hudhoofika, hedhi huvurugika, na mtu huanza kusahau mambo madogo. Akisahau hukosea, akikosea hufokewa, na mambo huwa mabaya zaidi.

Yafaa niseme hapa kwamba vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria au na matumizi mabaya ya dawa za maumivu. Si kila tumbo linalouma limeletwa na meneja. Lakini hofu ya kila siku huongeza maumivu ya tumbo na huchelewesha kupona.

Nyani wa Maasai Mara

Jambo hili lilichunguzwa si mbali na hapa, kusini mwa Bomet, katika mbuga ya Maasai Mara. Mwanasayansi wa Marekani, Robert Sapolsky, alianza kuwafuatilia nyani huko mwaka 1978. Aliwalaza kwa dawa, akawatoa damu na kuipima. Aligundua kwamba nyani dume wa vyeo vya chini, wanaoonewa na wakubwa kila siku, walikuwa na kotisoli nyingi hata wakati wa kupumzika.

Katikati ya miaka ya 1980 ugonjwa wa kifua kikuu uliingia katika kundi moja kupitia nyama iliyotupwa kwenye jaa la hoteli ya watalii. Walioila ni madume wakali zaidi, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakienda kupigania chakula jaani. Wote wakafa. Waliobaki walikuwa madume wapole, majike na watoto, na vurugu ndani ya kundi zikapungua sana.

Kinachonivutia mimi kama daktari ni kilichofuata. Nyani dume wakikomaa huhamia makundi mengine. Baada ya miaka kama kumi, madume wote wa kundi lile walikuwa wageni waliotoka makundi yenye ukali wa kawaida. Hata hivyo upole uliendelea, kwa kuwa wageni waliikuta desturi hiyo nao wakaifuata. Sapolsky na mwenzake Lisa Share waliandika mwaka 2004 kwamba madume wa chini katika kundi hilo hawakuwa na dalili za msongo zinazoonekana kwa wenzao kwingineko. Ikiwa nyani waliweza kubadilisha desturi yao, sioni kwa nini ofisi ishindwe.

Ushahidi kwa binadamu

Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 3,122 waliokuwa wakifanya kazi eneo la Stockholm. Kila mmoja aliulizwa kuhusu bosi wake: je, hueleza vizuri analotaka, hutoa habari za kutosha, hujali walio chini yake? Waliokuwa na bosi mwema walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiasi kidogo zaidi, na kadiri mtu alivyokaa kazini muda mrefu, ndivyo tofauti hiyo ilivyozidi.

Uingereza nako, uchunguzi wa watumishi wa serikali ulioanza mwaka 1985 na kuwahusisha watu 10,308, ukiongozwa na Profesa Michael Marmot, ulionyesha kwamba wasio na usemi juu ya kazi yao huugua moyo zaidi kuliko wenye usemi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kupatwa na kiharusi kwa asilimia 35, ikilinganishwa na kufanya kazi saa 35 hadi 40.

Nairobi na Paris

Kesi inayojulikana zaidi nchini Kenya ni ya wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi, waliokuwa wakichuja picha na maandishi ya Facebook kwa niaba ya kampuni ya Meta. Kazi yao ilikuwa kutazama video za mauaji, ubakaji na mateso ili mimi nawe tusizione. Mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alifutwa kazi mwaka 2019 baada ya kuwaongoza wenzake kudai mishahara na hali bora. Alienda mahakamani mwaka 2022. Mwaka uliofuata zaidi ya wenzake 180 nao walishtaki baada ya kupoteza kazi.

Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, aliwachunguza 144 kati yao. Matokeo yaliyotangazwa Desemba 2024 yalionyesha kwamba asilimia 81 walikuwa na ugonjwa wa kiwewe wa kiwango kikali, yaani hali ya kurudiwa na mambo ya kutisha akilini na ndotoni kama kwamba yanatokea upya. Kampuni hizo zilijitetea kwamba wafanyakazi walipewa washauri. Wafanyakazi walidai kwamba msaada huo haukutosha na kwamba walisukumwa kutimiza idadi. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta yaweza kushtakiwa hapa Kenya.

Picha zile zingemuumiza mtu yeyote. Lakini mapumziko ni ya muda gani, mshauri ni wa kweli au wa jina tu, na anayelalamika anasikilizwa au anafukuzwa, hayo huamuliwa na viongozi. Kazi ngumu chini ya uongozi mwema huacha makovu machache.

Ufaransa ilifika mbali zaidi. Kampuni ya simu ya France Télécom, ambayo sasa huitwa Orange, ilitaka kupunguza wafanyakazi 22,000. Wengi wao hawangeweza kufutwa kisheria, hivyo walihamishwa hamishwa, wakapewa kazi zisizo na maana na kusumbuliwa hadi waondoke wenyewe. Mwaka 2006 mkurugenzi mkuu, Didier Lombard, aliwaambia mameneja kwamba watu hao wataondoka, iwe kwa dirishani au kwa mlangoni. Mahakama ya Paris ilichunguza visa vya wafanyakazi 39. Kumi na tisa walikuwa wamejiua, 12 walijaribu kujiua, na 8 walipatwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Desemba 2019 Lombard na wenzake walipatikana na hatia, na Januari 2025 mahakama ya juu ya nchi hiyo ikathibitisha kwamba mpango wa kampuni nzima waweza kuwa kosa la jinai la kuwatesa wafanyakazi.

Na mashambani kwetu je?

Msomaji wa Sigowet aweza kusema haya ni ya watu wa kompyuta. La, hasha. Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha filamu iliyopigwa hapa Kericho, ambamo zaidi ya wanawake 70 walisema walidhulumiwa kimapenzi na wasimamizi wao katika mashamba ya chai yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni za Unilever na James Finlay. Kampuni zilisema zimeshtushwa na zikaanza uchunguzi.

Nilipowasikiliza wanawake hao nilisikia jambo lile lile alilonieleza mgonjwa wangu. Mtu mmoja ana uwezo wa kukupa kazi, kukupangia sehemu ya kuchuma na kukuondoa, na hakuna mlango wa pili wa kubisha. Mahali penye mlango mmoja tu, anayeushika aweza kufanya apendalo. Iwe ni shamba la chai, duka la jumla, shule au hospitali, na hata hospitali tunazo za namna hiyo, maradhi ni yale yale.

Mkali si lazima awe mbaya

Tusichanganye mambo. Bosi anayetaka ufike kwa wakati, anayekataa kazi mbovu na anayekukanya ukikosea anafanya wajibu wake. Mkali mwenye haki huweka sheria moja kwa wote, hukuambia kosa lako faraghani, na ukirekebisha mambo huisha.

Bosi wa sumu utamjua hivi. Hukudhalilisha mbele ya watu. Hubadilisha matakwa yake kila siku ili ushindwe. Hujitwalia sifa za kazi yako na kukutwika makosa yake. Huwagombanisha wafanyakazi. Humwadhibu anayeuliza. Na jambo ambalo watu hulisahau: hata watu wema walio chini yake huanza kuwatendea wenzao hivyo hivyo, ili wao wasiguswe.

Dalili za kuangalia

Kila mtu huchoka. Lakini chunguza kama dalili zako zina kalenda. Je, tumbo huanza kuuma Jumapili jioni? Je, kichwa kinachokugonga wiki nzima huacha ukiwa likizoni? Je, umeanza kuhitaji pombe, miraa au vidonge ili ulale au uamke? Je, unawafokea watoto kwa maneno yale yale unayofokewa nayo kazini? Ukijibu ndiyo mara mbili au zaidi, mwone daktari, na umwambie habari za kazi kabla ya habari za tumbo.

Usingoje hata saa moja ukipata maumivu ya kifua yanayoenda mkononi au shingoni, ukipooza upande mmoja, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami. Vivyo hivyo ukianza kuona kwamba heri kufa. Fikra hiyo ni dalili ya ugonjwa unaotibika, kama homa ilivyo dalili ya malaria. Mwambie mtu siku hiyo hiyo na uende hospitali iliyo karibu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya nalo lina namba ya simu isiyolipiwa, 1199.

La kufanya

Kwanza, andika. Nunua daftari na uweke tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na aliyekuwapo. Daftari hilo humsaidia daktari, na likihitajika humsaidia hakimu. Usiliache ofisini.

Pili, tafuta mwenzako mmoja wa kuaminika mzungumze. Sumu hii hutegemea kila mmoja kudhani yuko peke yake.

Tatu, jua haki zako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, una haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, ukiwa na cheti cha daktari. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na maandishi yanayoeleza jinsi ya kulalamika kuhusu dhuluma za kimapenzi. Na kumlalamikia mwajiri, ukiwa na msingi, si sababu halali ya kufutwa. Afisa wa leba yupo mjini Kericho, na Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi huketi huko pia.

Nne, usikimbilie kuacha kazi kwa hasira, na pia usikae mpaka uanguke. Panga kuondoka kama unavyopanga safari: weka akiba kidogo, tafuta kwingine, kisha uage.

Nanyi mabosi mnaosoma ukurasa huu, kipimo chenu ni rahisi. Angalieni kama watu wenu huwaletea habari mbaya. Kama mwaka mzima hamjasikia habari mbaya kutoka kwa mtu wa chini, msidhani mambo ni mazuri. Wanawaogopa. Anzeni na jambo dogo, kama kurudisha chai ya saa nne, kisha mkubali kosa lenu moja mbele ya wote.

Yaliyompata mgonjwa wangu

Nilimwandikia siku 7 za mapumziko. Sikumwambia aache kazi, kwa sababu alikuwa akiwalipia karo ndugu zake wawili, nami sikuwa na karo ya kumpa. Aliporudi, yeye na wenzake watano waliandika barua kwa wakubwa wa meneja. Hawakujibiwa. Wawili kati yao hawakuongezewa mkataba. Yeye aliondoka baada ya miezi minne na kupata kazi ya uhasibu mjini Kericho kwa mshahara mdogo zaidi. Mdogo wake mmoja alikaa nyumbani muhula mzima.

Sasa presha yake ni ya kawaida, anakula, na hajatumia dawa za tumbo kwa karibu mwaka. Bado hushtuka simu ikilia usiku. Mama yake naye haongei tena habari za jicho baya. Siku moja alinisimamisha njiani akaniuliza kama meneja yule aweza kupelekwa mahakamani. Nilimwambia awezaye kujibu hilo ni wakili, na kwamba daftari la bintiye lisitupwe.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamfichua. Ukija hospitalini na tumbo linalowaka, usingoje nikuulize. Niambie kazi yako ni gani, na nani anakusimamia.